Muulize Mzee wa Bahari: Mwanangu ataka urubani

SWALI: Shikamoo mzee. Kijana wangu ni ofisa wa meli, na sasa ataka kuwa rubani wa kuongoza meli hapa bandarini Mombasa. Jirani amenitia hofu kwamba marubani hupanda meli kwa ngazi ya kamba katikati ya bahari, na wako waliokufa. Ni kweli? Na nahodha aliyevuka bahari zote ashindweje kuingiza meli yake mwenyewe? – Mama Kijana, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli, wako waliokufa, na sitakuficha.

Boti hukupeleka hadi nje ya miamba. Meli hugeuka kidogo ili ikukinge upepo, boti ikabana upande wa demani, usiopigwa na upepo, na zote mbili zinakwenda. Msimu wa kusi boti hupanda na kushuka kama mchi kinuni. Unangoja ifike juu kabisa ya wimbi, ndipo ushike ngazi na kupanda upesi, maana ikinyanyuka tena yaweza kukubana miguu. Kimo cha kupanda kutoka majini kikizidi mita 9, sheria za kimataifa zataka ngazi ya kamba iunganishwe na ngazi ya ubavuni.

Usiku mmoja nilimulika tochi, nikaona vipago, zile mbao za kukanyagia ngazini, vimepakwa rangi. Hilo haliruhusiwi, kwa kuwa rangi huficha ufa. Nikaivuta kamba, ikatoa vumbi kama makumbi makavu. Nikakataa kupanda. Nahodha alifoka redioni kwamba namchelewesha gatini. Tukangoja mpaka wakateremsha ngazi nyingine. Kijana wako ajifunze kukataa hivyo kabla ya kujifunza lolote jingine, hata akiwa mgeni kazini.

Sasa la nahodha. Yeye aijua meli yake, rubani ayajua maji. (Neno rubani lilikuwa letu watu wa bahari kabla ya ndege kuruka.) Ukishapita miambani, mkono wa kulia ni njia ya Fort Jesus na Bandari ya Kale, meli kubwa hukata kushoto, ikapita chini ya bustani ya Mama Ngina, kisha ikishavuka kivuko chenu cha Likoni hupinda kulia kuingia Kilindini. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupanda na kupwa zaidi ya mita 3, na mkondo waweza kuisukuma omo, yaani mbele ya meli, pembeni wakati shetri, nyuma yake, bado iko kwenye maji tulivu. Mimi nilikuwa nautazama kwenye boya: likilala, najua mkondo una nguvu, naanza kupinda mapema.

Ndiyo maana feri huzuiliwa nanyi mkakasirika. Meli ya mita 250 haina breki. Ukipunguza mwendo kupita kiasi, usukani haushiki maji, nayo yawa gogo tu. Pale Likoni hakuna nafasi ya kuigeuza.

Amri hubaki kwa nahodha. Rubani hutamka, mshika usukani hurudia neno kwa neno, tagi, zile boti za kuvuta na kusukuma meli, nazo hungoja sauti ya rubani. Kijana ataanza na meli ndogo, akiwa na rubani mzoefu ubavuni.

Akirudi likizo, nenda naye Mama Ngina siku ya bamvua, maji yakipwa. Kaeni pale ukutani mpaka meli iingie, umwambie atazame boya kwanza.