Kitabu cha chemshabongo za Disney kina makosa kibao, nikiamini?

Ndugu, nimekuelewa: kitabu kimejaa makosa ya chapa na hujui kama ukibebe safarini. Herufi zilizorukwa zisikusumbue, chungulia tarehe kinazotaja, uzilinganishe na hizi. Disneyland, bustani ya burudani ya California, ilifunguliwa Julai 17, 1955. Magic Kingdom, bustani yao ya Florida, Oktoba 1, 1971. Kikisema Walt Disney mwenyewe, mwanzilishi, ndiye aliyeizindua hiyo ya Florida, kiache nyumbani, maana alifariki 1966 na kazi ikamaliziwa na kaka yake, Roy.

Changu kilirudia swali lilelile mara tatu (mhariri alisinzia, nadhani), lakini kwenye foleni watoto walikigombania. Ila bei za tiketi na saa za kufungua usizitoe humo hata kidogo. Tazama tovuti ya bustani yenyewe kabla hujalipia chochote.