Barua kwa mwanangu: ukiunyima mwili mchana, utakudai usiku

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili baba yako naye asikie. Unasema tangu uamue kula vizuri, mchana huna shida kabisa. Soda umeacha, vya kukaanga umeacha, asubuhi kahawa tupu, mchana bakuli la mboga mbichi, jioni mboga za kuchemsha na kipande cha samaki. Kisha ikifika kama saa tatu usiku, vyombo vimeshaoshwa, uchu wa kitu kitamu unakupanda mpaka unajikuta umesimama mbele ya kabati na pakiti ya biskuti mkononi, na ukishaanza huachi. Unaniuliza ule nini saa hizo badala ya biskuti, kama asali inafaa badala ya sukari, na kama uondoe kila kitu kitamu humo ndani.

Nitakujibu, lakini mimi nami nina swali. Hilo bakuli la mchana lina nini zaidi ya majani? Hukutaja yai, hukutaja maharage, hukutaja hata kipande cha mkate. Na kahawa tupu si chakula, mwanangu, hata kama ofisi nzima inaamkia hiyo. Nimelisema hili tangu mkiwa wadogo mpaka mkawa mnalimalizia wenyewe: ukiunyima mwili mchana, utakudai usiku.

Wewe unaukumbuka ule mwaka wa baba yako na sukari, ingawa mlikuwa bweni na mliupata vipande vipande wakati wa likizo. Yale ya kliniki nadhani hatukuwahi kuwaeleza vizuri. Vipimo vilionyesha sukari ya damu imepanda. Hakuwa na kisukari, ila alikuwa ameanza kuifuata njia yake. Tukaelekezwa kwa mshauri wa lishe. Mlango ulikuwa wazi, watu wamejaa kwenye mabenchi wakisubiri. Yule mshauri akaangalia uzito, akaangalia karatasi, baba yako akamwambia kwa upole kwamba tatizo lake hasa ni usiku, hamu ya vitamu inamshinda. Akajibiwa kwa sauti ambayo benchi zima liliisikia: "Huo ni ulafi tu, mzee. Huna msimamo."

Mtu aliyeamka kabla ya jua maisha yake yote ili nyinyi msome, anaambiwa hana msimamo na mtu ambaye hajamuuliza hata swali moja. Nilimwambia, "Mbona hujamuuliza mchana anakula nini?" Akaita anayefuata. Mpaka leo nikilikumbuka neno lile kifua kinanibana. Kwa sababu jibu lilikuwa pale pale kwenye swali langu. Baba yako wakati ule alikuwa hali mchana kabisa. Alikunywa chai asubuhi akaondoka, akarudi jioni.

Na lile neno likamfanya abane zaidi. Akasema kuanzia siku hiyo sukari haiingii ndani, na wali wa jioni akaupunguza ukawa vijiko vya kuhesabu. Mchana alistahimili. Usiku, nikiwa nimelala, nilisikia kijiko kikigonga chupa ya jamu jikoni, taa imezimwa. Alikuwa anakula jamu tupu, amesimama, gizani. Asubuhi hanitazami machoni. Mimi sikuona mlafi pale, niliona mtu mwenye njaa na aibu kwa pamoja, na hivyo viwili vikikutana havitoki kwa kukemewa.

Ndipo bibi yako, Mungu amrehemu, akaja kukaa nasi. Unamjua alivyokuwa. Hakusema neno juu ya sukari. Alianza kumfungashia mwanawe chakula cha mchana kama mtoto wa shule: maharage, mboga, mayai, wali wa kiasi. Jioni akapakua sawasawa, kisha baada ya kula akaleta sahani yenye tunda lililokatwa, na mara nyingine kipande kidogo cha keki, akaweka mezani, mbele ya watu, taa zikiwaka. "Kaa ule," anamwambia. Hakumwekea sheria, hakumpa hotuba. Kile kijiko cha usiku kikapungua, kikawa cha nadra, kikaisha. Chupa ya jamu ilikaa kabatini mpaka ikaota ukungu, na siku nilipoitupa nilifurahi nikaenda kumuonyesha bibi yako kabla haijaingia kwenye takataka. Vipimo vilivyofuata vilishuka. Sitasema ni chakula cha mchana peke yake kilichovishusha, maana alianza pia kutembea kila jioni, na dawa za presha zilibadilishwa. Lakini chakula cha mchana ndicho kilichoanza.

Tangu astaafu baba yako anasoma kila kitu, na alipokutana na habari za majaribio ya njaa ya Minnesota, Marekani, aliniita nikaacha nilichokuwa nafanya. Ilikuwa mwishoni mwa vita vya pili vya dunia, mwaka 1944 kuingia 1945. Mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya, waliojitolea wenyewe, kwa wiki 24, ili ijulikane jinsi ya kuwahudumia watu walioshindishwa njaa na vita. Hawakunyimwa kabisa, walikuwa wanakula kila siku, ila pungufu. Wakaanza kuota chakula. Wakawa wanasoma vitabu vya mapishi, wengine wakivikusanya, watu ambao mapishi hayakuwahi kuwahusu. Je, nao walikosa msimamo wote 36? Baba yako aliposoma pale alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe." Neno hilo moja tu. Nikajua jeraha la kliniki limepata dawa.

Lakini sitaki nikufiche kwamba huyo huyo baba yako alinirudia siku nyingine na jambo linalonipinga. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2013, ambapo watu 12 walikaa maabara kwenye mwanga hafifu, kulala na kula kukapangwa upya ili saa ya mwili, ile ya ndani inayofuata mzunguko wa usiku na mchana, itenganishwe na milo na usingizi. Ikaonekana kwamba njaa ina saa yake yenyewe. Inakuwa chini kabisa karibu saa mbili asubuhi, na juu kabisa karibu saa mbili usiku, na hamu ya vitu vitamu, vya wanga na vya chumvi inapanda pamoja nayo. Yaani hata aliyeshiba mchana, jioni mwili wake unapandwa na hamu. "Sasa deni lako la mchana liko wapi?" akaniuliza.

Nimelifikiria hilo sana. Nikakubali kwamba si kila hamu ya usiku inatokana na kunyimwa mchana. Halafu nikaona kwamba hata hivyo linanisaidia, kwa sababu kama wimbi linampanda kila mtu saa mbili usiku, aliyefika saa hiyo na tumbo tupu linamkuta kwingine kabisa na aliyekula. Halafu tena nikajiuliza kama sing'ang'anii tu neno langu kwa sababu ni langu. Inawezekana. Bado nalishikilia: ukiunyima mwili mchana, utakudai usiku. Sasa ninaongeza tu kwamba hata usipounyima utakuomba kidogo, na kuombwa si kudaiwa.

Kuna la tatu, nalo nadhani linakuhusu zaidi ya yote. Unalala saa ngapi? Barua zako zinafika zikiwa zimeandikwa usiku wa manane. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana wa kiume kwa muda wa saa 4 tu kila usiku, usiku mbili mfululizo, kisha wakawalinganisha na walipopewa saa 10 kitandani. Usingizi ulipokatwa, leptini, homoni inayouambia ubongo kuwa mwili una akiba ya kutosha, ilishuka kwa asilimia 18, na ghrelini, inayoita njaa, ikapanda kwa asilimia 28. Walichokitamani zaidi ni vitamu, vya chumvi na vya wanga. Sasa wewe umelala kidogo, umeamkia kahawa, mchana umekula majani, umerudi umechoka, na saa ile ya biskuti ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna anayekuomba kitu. Hapo sina hakika hata kama unatafuta sukari. Inawezekana unatafuta kupumzika, na biskuti ndiyo iliyo karibu.

Haya, swali lako lenyewe. Asali uliyoitaja si njia ya kukwepa, Shirika la Afya Duniani linaihesabu kundi moja na sukari ya mezani, pamoja na juisi ya matunda, hata uliyoikamua mwenyewe. Tunda zima halimo kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo tunda kula, na ukilisindikiza na karanga au mtindi usiotiwa sukari linakaa tumboni zaidi. Zile sukari mbadala zisizo na kalori, shirika hilo hilo mwaka 2023 lilishauri zisitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Kutembea dakika 15 kwa mwendo wa haraka kumepimwa na kukaonekana kupunguza hamu ya vitamu, na baba yako ni shahidi. Ukipiga mswaki mapema inasaidia wengine, na meno nayo yanashukuru, maana usiku mate yanapungua na sukari inayobaki mdomoni inafanya kazi yake bila kizuizi.

Na upime mambo kwa haki. Kiwango ambacho shirika hilo linasema kisizidi kwa siku, kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, ni gramu 50 za sukari ya kundi hilo, kama vijiko 12 vya chai, na bora zaidi ikibaki chini ya gramu 25. Kopo moja la soda la mililita 330 lina kama gramu 35. Wewe soda umeiacha! Hilo ni jambo kubwa na hukulitaja ila kwa kupita, ukaandika ukurasa mzima kujilaumu kwa biskuti. Ile sauti ya mlango wa kliniki ulio wazi isije ikahamia kichwani mwako. Ukila biskuti, kaa, washa taa, weka kwenye sahani zile ulizokusudia tu. Kula kwa kujificha ndiko kunakomaliza pakiti.

Sasa kuhusu kuondoa kila kitu kitamu ndani ya nyumba. Kuna watu kisipokuwepo wanatulia, hawakikumbuki tena, na kwao hiyo ni nafuu ya kweli. Dada yako yuko hivyo. Kuna wengine kabati likiwa tupu wanavaa viatu usiku kwenda kutafuta, na wakipata wanakula mara mbili ya ambavyo wangekula. Baba yako alikuwa hivyo. Wewe ninadhani ninajua uko upande upi, nimekuona tangu unatambaa, na ulimi unaniwasha kweli kweli. Baba yako anasema nikuache uamue, u mtu mzima na kabati ni lako. Nimeandika jibu langu hapa nikalikata, kama unavyoona, na wino umepenya upande wa pili, lakini usijaribu kulisoma. Amua mwenyewe.

Ila hili sikuachii. Ukijibu, niandikie siku moja ya kazi jinsi unavyokula tangu unapoamka, usiruke kitu, na saa ya kulala uiweke. Nataka siku ya kazi, si ya mapumziko. Na kabla hujaandika, kwenye lile bakuli la mchana tia mayai mawili na maharage, uone usiku unakuwaje kabla hujaniambia nimekosea.

Baba yako anakusalimu. Ametoka kutembea.

Mama yako