Umeachishwa kazi hoteli na madeni yapo

Mdogo wangu, umesema hoteli ya Nungwi imekuachisha kazi na unadaiwa benki, kikoba na duka la mtaani. Pole sana. Usizime simu. Nenda benki kabla tarehe ya rejesho haijapita, barua ya kuachishwa mkononi. Omba muda urefushwe ili rejesho lipungue, na wakupe kwa maandishi. Usikope kwa watu wa riba ili ulipe benki, nakuomba sana. Mwenye duka mwambie ukweli, umpunguzie hata kwa elfu mbili mbili. Kikoba, muone mwenyekiti kabla ya kikao. Na zaka usiionee haya: Suratut Tawba, aya ya 60, imewataja wenye madeni miongoni mwa makundi manane yanayostahiki.