Betri za mzinga zinaisha upesi

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Sikonge, nafuga nyuki. Mzingani nimeweka bodi ya LaunchPad yenye chipu ya MSP430G2553, ipime joto kila nusu saa. Betri mbili ndogo hazimalizi wiki. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chipu hiyo hailaumiki. Ikiwa macho kwa megahezi 1 inakula maikroampea 230 hivi; ikilala LPM3 (moja ya hali zake za usingizi), haifiki hata 1. Wanaonyonya ni majirani zake.

Tazama katikati ya bodi: jampa tano (vikofia vidogo vya kuunganisha pini) zimepanga mstari, zinaunganisha chipu na upande wa USB. Ukishapakia programu ving'oe vile vikofia vyote, na viwili vya taa pia. Taa nyekundu ndani ya mzinga inamwakia nani?

Halafu programu. Usisubiri nusu saa kwa kitanzi cha kuhesabu, maana chipu haisinzii. Ilaze, kristali ya hezi 32,768 iendeshe taima, yaani kihesabu muda cha chipu. Ukigawanya hezi hizo kwa 8, taima inajaa kila sekunde 16: chipu iamke, iongeze moja kwenye hesabu, ilale tena. Hesabu ikifika 112, karibu nusu saa, ipime joto.

Na tafadhali, usiongeze betri. Mwisho wa chipu ni volti 3.6.