Mwanangu, mkeo hakwenda kusalimia

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Mwanga hapa Kigoma, nina kibanda cha kutengeneza kompyuta na kutoa kopi. Tangu ujana wangu nacheza Counter-Strike 1.6, gemu ya kompyuta ya kurushiana risasi, na kwa miaka mingi sasa ndiye ninayeendesha seva ya Waswahili wa gemu hiyo, yaani kompyuta ya mtandaoni tunayokutania kucheza. Wachezaji wako Dar, Mombasa, Bujumbura, hata Uarabuni. Seva nailipia mimi kila mwezi, karibu shilingi elfu arobaini. Nasuluhisha ugomvi, nawafungia wanaoiba kwa programu za kumwona mtu nyuma ya ukuta, na seva ikianguka saa nane za usiku naamka mimi. Shukrani sipati. Juzi niliizima siku moja kwa matengenezo, nikatukaniwa mama. Wengi wamehamia magemu mapya, tumebaki wazee wachache, nao ni kulalamika tu. Kijana mmoja wa Bujumbura anataka nimpe nywila anisaidie, lakini kazi hii haachiwi mtu hivi hivi. Mke wangu anauza dagaa Kibirizi. Hathamini ninachofanya, anasema nacheza. Niliwahi kukopa kidogo hela yake ya kikoba kulipia seva, akanuna. Sasa amekwenda na watoto kwao Kasulu kusalimia, wiki ya tatu hii. Nifanyeje anielewe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kutukaniwa mama kwa kazi ambayo hulipwi kunauma, na nakupa pole ya dhati. Baada ya hapo tuambiane ukweli.

Barua yako imejaa seva. Najua bei yake, najua inaanguka saa ngapi, najua hata kijana wa Bujumbura anataka nini. Mkeo umempa mistari michache ya mwisho, na mingi ni ya kumshtaki. Watoto ni “wawili” tu. Sijui ni wa kike au wa kiume, wanasoma au wananyonya. Mwanamke unayelala naye kitanda kimoja anataka nini? Hukuandika, na nadhani hukumuuliza.

Tuanze na hiyo safari ya Kasulu. Mchuuzi wa dagaa anaishi kwa hesabu ya giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa za wavuvi za kuvutia dagaa hazifanyi kitu, mitumbwi inalala; mwezi ukifa ndipo inarudi alfajiri imejaa, na akina mama wanaipokea pale mchangani wakiwa na beseni zao. Wiki tatu hazipiti bila giza. Mkeo ameliacha giza likapita, dagaa wakaanikwa na wengine, wateja wake wakachukuliwa na wengine. Mfanyabiashara hafanyi hivyo kwa ajili ya kusalimia. Mkeo ameondoka, mwanangu, na kwao wameshajua. Wewe ndiye hujaambiwa.

Halafu hiyo “kidogo” yako. Kidogo ni shilingi ngapi? Mtu aliyeomba akapewa haandiki kwamba aliyempa alinuna. Uliichukua. Na hela ya kikoba haina mwenyewe mmoja, ni ya wanawake wote waliokaa pale kwenye mkeka na daftari lao. Siku ya marejesho aliyesimama mbele yao mikono mitupu alikuwa mkeo, wewe ulikuwa kwenye seva.

Nakukumbusha jingine. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, watu wasivue, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Wachuuzi wa Kibirizi walikaa miezi mitatu bila kitu cha kuanika. Umesema mwenyewe kwamba seva unailipia kila mwezi, kwa hiyo na miezi ile ililipiwa. Nyumba ililishwa na nani? Wewe unajua, naye anajua, na sidhani kama amesahau.

Anaposema unacheza, hapo mimi sikubaliani naye. Nina mpwa wangu anayeyajua mambo haya, nimemkalisha akanieleza. Kumbe gemu yenyewe ilizaliwa kwa kujitolea: mwaka 1999 Minh Le na Jess Cliffe waliitengeneza juu ya gemu nyingine, Half-Life, wakaigawa bure, hadi kampuni ya Valve ilipoichukua na kuanza kuiuza mwaka 2000. Hiyo 1.6 yenu ni ya 2003. Kampuni imetoa mpya 2012, ikatoa nyingine 2023, kwa hiyo wanaohama hawajakusaliti, wamefuata rika lao. Waliobaki wanaipenda, tena ni nyepesi, inakubali hata kompyuta kuukuu ya ofisini. Watu waliojuana kwenye intaneti kafe wakiwa wanafunzi, leo wametawanyika kutafuta riziki, bado wanasikia sauti za wenzao usiku kwa Kiswahili. Hilo ni jambo la heri na anayelitunza anafanya kazi ya maana.

Lakini kazi hiyo ni ya wote wanaoifaidi. Umeitwika mkoba wa mwanamke ambaye hajawahi kuingia humo hata dakika moja, halafu unamdai na shukrani.

Na huyo kijana wa Bujumbura! Unaniandikia kwamba hakuna anayekusaidia, na katika barua hiyo hiyo kuna mtu anaomba kukusaidia umemkatalia. Nitakuambia unachoogopa. Unaogopa seva ianguke saa nane za usiku, aamke yeye, ipone, na asubuhi asiwepo hata mmoja wa kuuliza ulikuwa wapi. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Wewe umetenda wema ukakaa mlangoni kungoja usifiwe, na wanaopita wamekuzoea.

Ndoa za siku hizi zinanitia huzuni kwa jambo hili moja. Wanaume wengi wananiandikia: Shangazi, mimi sinywi, sina nyumba ndogo, jioni niko nyumbani, mke anataka nini tena? Babu zetu wa Kigoma walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga, wakakaa huko miaka. Lakini mke alijua mume hayupo, akalima na kulea kwa hesabu hiyo, na aliporudi alirudi kweli. Mume wa leo yuko chumba cha pili, vidude masikioni, mtoto anaita baba, baba, haitikiwi. Mke atapangaje maisha na mtu aliyepo na hayupo? Wala wanawake siwaachi. Wapo wanaosimamia grupu la WhatsApp la harusi ya mtu wasiyemjua vizuri, usiku kucha wanahesabu ahadi za wenzao, na mume anakula kiporo siku ya tatu. Kwangu makosa hayo yanalingana.

Sasa fanya hivi. Mpwa wangu ameniambia kuna gemu nyingine ya zamani, City of Heroes, iliyozimwa na kampuni yake, NCsoft, mwaka 2012. Wapenzi wake wakaifufua, na kundi lao moja, Homecoming, mwaka 2024 likapewa leseni rasmi na kampuni hiyo hiyo. Gharama wanachangishana: michango inafunguliwa kila mwezi, kiasi kikitimia inafungwa, na hesabu kila mtu anaiona. Igeni hao. Elfu arobaini kwa watu ishirini ni elfu mbili kila mmoja. Asiyeweza kutoa elfu mbili ila anaweza kumtukana mama wa mwenzake, mfungie bila kujadiliana naye. Tangazo liandike leo. Nywila mpe kijana leo. Mwezi ambao michango haitatimia, seva izimwe, na usiongeze hata mia yako.

Kisha panda gari uende Kasulu, usipige simu. Hela ya kikoba uwe nayo yote mkononi, hata kama ni kuuza kompyuta moja ya kibandani. Mkabidhi yeye mwenyewe, usipitishie kwa kaka yake, na umwombe radhi kwa kutaja ulichofanya: nilichukua, sikuomba. Mama mkwe akiwa na maneno, yasikilize yaishe. Mkeo akisema hayuko tayari kurudi, usimvute, rudi tena wiki inayofuata. Na akikuuliza kama umeacha gemu usimdanganye. Mwambie utacheza Jumamosi usiku watoto wakishalala, na kwamba zamu ya saa nane sasa ina mtu mwingine.