Wakikuuliza mshahara kwa Kihispania, jua kwanza wanahesabuje

Mkuu, umesema kampuni ya Hispania inayoleta wageni Arusha imekuita kwenye usaili wa video, fomu yao ina kipengele cha "pretensiones salariales" (mshahara unaoutaka), nawe hujui ujaze ngapi. Naongoza wageni wanaozungumza Kihispania huku kaskazini na usaili wa aina hiyo nimeshakaa, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu.

Usitaje namba kabla hujajua wenzako wanahesabu nini. Mhispania akizungumzia mshahara, mara nyingi ana maana ya mwaka mzima, tena kabla ya makato: bruto. Sisi tunawaza kinachoingia mkononi mwisho wa mwezi, au malipo ya siku ya safari. Halafu kwao sheria inampa mfanyakazi malipo mawili ya ziada kila mwaka, moja la Krismasi, ndiyo maana utasikia "catorce pagas", yaani malipo kumi na manne. Euro 14,000 kwa mwaka zikigawanywa mara 14 ni 1,000. Mara 12 ni kama 1,166. Jumla ni ileile, ila mwenye nyumba wa Njiro hapa Arusha anadai kila mwezi. Uliza tu: "¿Hablamos de bruto o de neto? ¿En cuántas pagas?" Yaani, ni kabla au baada ya makato, na kwa malipo mangapi? Mimi niliowauliza walijibu palepale, wala hakuna aliyeniona mjeuri.

Mkataba ukiwa wa Tanzania, piga hesabu ya hapa. Kwenye shilingi 1,500,000 kwa mwezi, mchango wa pensheni wa NSSF wa asilimia 10 unachukua 150,000, kodi ya mshahara (PAYE) kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 inachukua 233,000, unabaki na 1,117,000.

Panapoumiza zaidi ni tipu na posho. Kampuni moja hapa mjini iliwahi kunitajia kiasi kizuri sana, kumbe ndani yake wameshaweka tipu za wageni. Tipu ni hiari ya mgeni, mwajiri hana haki ya kuiita mshahara. Kwa hiyo uliza kama tipu haimo: "¿Eso es sin contar propinas?" Posho ya kulala nje Wahispania wanaiita "dietas", ukisailiwa na Mmeksiko au Mkolombia atasema "viáticos". Uliza pia Aprili na Mei, masika ikishika na magari yamelala, utalipwa nini. Agosti Wahispania wako likizo na kazi inakuwepo, lakini bei nzuri ya siku haikulishi mwezi usio na safari.

Hapo sasa taja kiwango chenye chini na juu, namba weka zako: "En temporada alta, entre ochenta y cien dólares por día, sin propinas ni dietas." Yaani msimu wa wageni wengi, dola themanini hadi mia kwa siku, bila tipu wala posho. Kisha nyamaza. Ile adabu yetu ya "mtakavyoona wenyewe" iache nyumbani, maana wataona kidogo. Inaniuma kuona vijana wanaokimudu Kihispania wakilipwa sawa na asiyejua hata salamu, wakati hiyo lugha ndiyo iliyoileta biashara ofisini. Umeisomea kwa pesa na muda wako, idai.

Kwenye fomu usiweke nukta wala mkato ndani ya namba. Hispania 1.500 ni elfu moja na mia tano, Meksiko wanatumia mkato kama sisi. Andika: "1500 USD netos al mes, más dietas, negociable", yaani dola 1500 mkononi kwa mwezi, posho juu yake, na tunaweza kuzungumza.