Maswali ya Wasomaji: Kuchomelea Kalibu za Alumini Zilizoharibika

SWALI: Tuna kalibu ya alumini ya kuumbia vifuniko vya plastiki. Ukingo wake, pale pande mbili zinapokutana, ulimeguka kipande cha urefu wa milimita 8 hivi. Fundi aliujaza kwa TIG (uchomeleaji wa umeme kwa ncha ya tangisteni ndani ya gesi ya kukinga) na kuuchonga vizuri, hata usingeweza kujua kwamba paliwahi kuharibika. Baada ya wiki mbili za kazi umejitokeza ufa mwembamba, si kwenye kiraka chenyewe bali pembeni mwake. Je, fundi alikosea, au waya ndio haukufaa? Karatasi za kalibu hatunazo.

JIBU: Inawezekana kwamba fundi wenu alifanya kila kitu sawasawa akiwa na tochi mkononi, na kosa likawa limekwisha kutendeka kabla hajaiwasha. Ufa unaochelewa, tena unaotokea kando ya kiraka, hunifanya niishuku kwanza aina ya alumini, kisha ndipo niushuku mkono wa fundi. Kalibu nyingi za alumini za kuumbia plastiki huchongwa kutoka aloi (mchanganyiko wa metali) ya 7075, yenye zinki ya kati ya asilimia 5 na 6 pamoja na magnesi na shaba kidogo. Aloi hiyo ni ngumu na husuguliwa ikang'aa, lakini kwa uchomeleaji wa kuyeyusha ni mkaidi. Inapoganda, utando mwembamba wa kimiminika hubaki kwa muda kati ya chembe zilizokwisha kuwa ngumu, na metali inaposinyaa chembe hizo huachana kwa sababu kinachozishikanisha bado hakijaganda. Hata ikinusurika hapo, eneo la kando hubaki na mkazo wa ndani ambao, ukikutana na unyevu, huweza kufungua ufa siku au wiki kadhaa baadaye. Aloi ya 6061, ambayo nayo hutumika kwa kalibu, haina ukaidi huo ikiwa imejazwa kwa waya unaoifaa.

Kwa hiyo anzeni kwa kuitambua aloi. Tafuteni kwanza namba iliyogongwa upande wa nyuma au kwenye kingo za bamba. Ikiwa haipo, pimeni ugumu mbali na sehemu iliyochomelewa: 7075 iliyokomazwa kwa joto husoma karibu 150 kwa kipimo cha Brinell, ilhali 6061 husoma karibu 95, na tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba hata kipimo cha mkononi kitaionyesha. Wapo pia mafundi wanaodondosha tone la maji ya magadi makali (kostiki soda) mahali pasipoonekana. Aloi yenye shaba ya kutosha, kama 7075, hugeuka nyeusi, ilhali 6061 hubaki na rangi hafifu. Njia hiyo husaidia, ila ivaliwe miwani na glavu, na tone lisikaribie kabisa uso wa kuumbia.

Ikithibitika kuwa ni 7075, ushauri wangu ni kutouchomelea tena ukingo huo. Ni sehemu inayobanwa kwa nguvu kila kalibu inapofungwa, na kila mnapoichoma upya mnaongeza upana wa eneo lililolainishwa na joto. Chongeni mfuko wa mraba unaovuka mwisho wa ufa, tengenezeni kipande cha aloi hiyohiyo kinachoingia kwa kubana, kifungeni kwa skrubu kutoka nyuma, kisha mmalizie uso wake pamoja na kalibu. Najua wengi huona hiyo ni kazi ya kuzunguka, lakini ni ya mara moja. Uchomeleaji wa 7075 ninaukubali kwa mkwaruzo au shimo dogo kwenye uso usiobeba mzigo, hasa kwa leza ya mapigo yenye waya wa chini ya nusu milimita, kwa sababu joto lake haliendi mbali.

Ikiwa ni 6061, pakeni kwanza rangi ya kupenyeza ili muone ufa unakoishia, maana jicho huuona mfupi kuliko ulivyo. Uchongeni wote kwa bari ya kabidi (kichwa kidogo kigumu cha kuchongea kinachozunguka) hadi uishe, mkiacha mfereji wenye mdomo mpana. Jiwe la kusagia lisitumike, kwani huacha chembe na gundi ndani ya metali laini. Mwishoni mwa kuujaza msiuzime moto ghafla: punguzeni mkondo wa umeme polepole huku mkiongeza waya, la sivyo shimo linalobaki mwishoni mwa weldi litapasuka katikati.

SWALI: Kila ninapojaza kalibu ya alumini kisha kuichonga, vitundu vidogo hutokeza juu ya uso. Gesi yangu ya argoni ni safi na mashine ni nzuri. Vitundu hivyo vinatoka wapi?

JIBU: Vinatokana na hidrojeni. Alumini iliyoyeyuka huweza kubeba hidrojeni takriban mara 20 zaidi ya ile iliyoganda, kwa hiyo inapoganda gesi hutafuta njia ya kutoka na nyingine hunaswa ndani. Chanzo chake ni maji na mafuta, na kalibu ni kitu kilicholoweshwa mafuta ya kulainishia na dawa ya kuachisha plastiki kwa miaka. Zaidi ya hayo, ina mifereji ya maji ya kupoozea ambayo fundi huisahau. Ipulizeni mpaka ikauke.

Futa mafuta kwanza kwa asetoni, acha ikauke, ndipo usugue kwa brashi ya chuma cha pua isiyowahi kugusa metali nyingine. Ukianza na brashi unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Usitumie kamwe viyeyushi vyenye klorini karibu na moto wa umeme, kwa maana mvuke wake hugeuka gesi ya sumu iitwayo fosjeni. Waya nao ufutwe, hata kama umetoka kwenye pakiti leo.

Kupasha kalibu joto husaidia kufukuza unyevu na kuzuia donge kubwa la alumini lisinyonye joto lote la tochi, lakini kwa aloi zilizokomazwa usizidishe nyuzijoto 120, wala usiiache kwenye joto hilo kwa muda mrefu. Alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka kwenye nyuzijoto 660, au chini yake kwa aloi, kwa hiyo tumia chaki ya kupimia joto badala ya kukisia. Kumbuka pia kwamba utando wa oksidi juu yake huyeyuka kwenye zaidi ya nyuzijoto 2,000. Ndiyo maana tunatumia mkondo geu, ambao nusu yake huuvunja utando huo na nusu nyingine huyeyusha.

SWALI: Kwa 6061, nitumie waya wa 4043 au 5356? Na je, baada ya kuchomelea niipike upya kalibu ili irudishe ugumu?

JIBU: Ikiwa kalibu itatiwa anodaizi (utando mgumu wa oksidi unaokuzwa kwa umeme) na rangi ni muhimu, chagua 5356, kwa kuwa 4043 ina silikoni na kiraka chake hugeuka kijivu cheusi. Ikiwa kalibu hufanya kazi muda mrefu juu ya nyuzijoto 65, chagua 4043, kwani magnesi iliyo nyingi ndani ya 5356 huidhoofisha kwa nyufa za ulikaji katika joto hilo. Baadhi ya kalibu za plastiki huvuka kiwango hicho, na kwa hizo rangi ndiyo itakayokubali kushindwa.

Kuhusu kuipika, hapana. Kurudisha ugumu kamili kunahitaji kuipasha karibu nyuzijoto 530 na kuizamisha majini ghafla, na kalibu iliyokwisha kuchongwa kwa usahihi wa sehemu za mia za milimita itatoka humo ikiwa imepinda. Ukubali kwamba ukanda wa sentimita moja au mbili kando ya weldi utakuwa laini, na upange mapema mahali utakapopita.